Mtungi wa oksijeni wa ndege "uliopungua" usiku: jinsi nilivyotatua

Alhamdulillahi, limekwisha. Mtungi wa ndege yetu ndogo hapa Mombasa tulikuwa tukiujaza jioni hadi psi 1,800 (psi ni kipimo cha presha), asubuhi geji inasoma 1,600. Nilibadilisha washa (kile kipete cha kuziba kwenye maungio). Nikapaka maji ya kupimia uvujaji yasiyo na mafuta (jamani, grisi na oksijeni ni moto, msithubutu): hakuna povu hata moja.

Kumbe hauvuji. Tulijaza kwa pupa, mtungi ukapata joto; ulipopoa, presha ikashuka.

Sasa naanza na mtungi mkubwa wa kujazia wenye presha ndogo, kisha ule wenye presha kubwa, vali nikiifungua kidogo mno, sindano ya geji ipande polepole. Nikiugusa mtungi wa ndege nikahisi vuguvugu, nafunga, nangoja upoe kabisa, ndipo naongezea. Leo asubuhi: 1,800.