Siku moja na biti tatu, Igoma hadi Kisesa

Saa kumi na moja alfajiri niko uani, Igoma, vernia ya kupimia upana mkononi, hata uso sijanawa vizuri. Biti tatu, vile vichwa vya chuma vya kutobolea visima, zimelala kwenye gunia, kila moja na namba yake ya chaki: 165, 162, 160. Hizo ni milimita za upana. Ya kwanza ni mpya, ililetwa jana jioni. Ya pili imeshakula mwamba. Ya tatu nimeinoa mara mbili. Mwamba wa kisima cha Kisesa tuliuanza jana na ile ya 162, kwa hiyo naipima tena: 162.4. Naifuta, naitia grisi kwenye nyuzi, nakunywa chai.

Saa kumi na mbili na nusu gari limeondoka, kompresa nyuma. Wageni wakija Mwanza hukimbilia kupiga picha Jiwe la Bismarck. Mimi nikiyaona haya mawe yaliyobebana mlimani nawaza bei ya biti.

"Mwangaluka!" Mama mwenye kisima, mfugaji wa kuku, ametuwekea michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu anauliza moja kwa moja: "Mwanangu, leo maji yatatoka?" Namwambia tutaona. Jana tulipita udongo na mwamba uliooza kwa biti ya mabawa, ile inayokwangua kama jembe, mpaka mita 14. Tukateremsha kesingi, bomba la chuma, ili udongo usituporomokee. Chini ya hapo ni graniti, na mabawa hayana kazi kwenye graniti, ndipo ile ya 162 ikaingia.

Saa mbili tunawasha. Watu wengi hudhani biti inakata mwamba kwa kuzunguka, kama keekee ya seremala. Hapana. Hama, nyundo ya upepo, iko chini kabisa shimoni, nyuma ya biti, na upepo wa kompresa unaipigisha zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Inatwanga. Mzunguko ni wa kuhamisha batani tu, ili pigo linalofuata lisiangukie pale pale. Batani ni vile vichwa vya mviringo usoni mwa biti: unga wa kabaidi ya tungsteni uliochanganywa na kobalti, ukashindiliwa na kuokwa mpaka ukawa kitu kimoja. Upepo ule ule unapita kwenye matundu ya biti, unazoa unga wa mwamba na kuupandisha kupitia mifereji ya pembeni. Mifereji ikiziba, biti inatwanga uji wake yenyewe.

Mama akauliza mbona tusitumie almasi, na Mwadui si mbali. Swali zuri kuliko ya wakaguzi wengi. Almasi hutumika kwa wanaotafiti dhahabu, upande wa Geita, wanaotoa mwamba mzima kama mche wa sabuni. Ile husaga kwa maji, haitwangi. Almasi ni ngumu, lakini ukiipiga nyundo inapasuka.

Kijana wangu naye ana yake: ameona kwenye simu biti za magurudumu. Zile asili yake ni mafuta. Howard Hughes wa Texas, yule baba, siyo mwanawe mwenye jina hilo hilo, alipata hataza ya biti ya magurudumu mawili yenye umbo la koni mwaka 1909, na ya koni tatu ikaja 1933. Zinataka kukandamizwa kwa uzito mkubwa. Hiki kigari chetu kingenyanyuka chenyewe.

Saa tano nikapokea simu, nikaenda kuongelea chini ya mwembe. Kosa langu. Niliporudi kijana alikuwa ameongeza mzunguko, akidhani anawahi. Batani za ukingoni ndizo zenye safari ndefu kila mzunguko, kwa hiyo ndizo zinazosagika kwanza. Rodi ya mita tatu, ile fimbo ya chuma inayoshusha biti, iliyokuwa inaisha kwa dakika 12 sasa inachukua 25. Vumbi limekuwa laini kama sembe. Batani ikiwa nzima hutoa chenga, siyo poda.

Tukavuta rodi zote. Saa saba biti iko juu: 161.3, batani za ukingo zimekuwa bapa kama shilingi. Kijana keshakumbatia ile mpya.

"Rudisha."

"Fundi, si ndiyo kali?"

Kali, ndiyo, ila ni ya 165, na shimo limezidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka. Itakwama kabla ya kufika chini. Miaka miwili iliyopita, Misungwi, niliiingiza mpya hivyo hivyo. Tulikaa siku moja na nusu kuikomboa hama, na kesho yake mkono wangu wa kulia haukuweza kushika kikombe.

Tukafunga ya 160. Ugali na dagaa tulikula tumesimama.

Saa tisa na robo, mita 47, vumbi likakatika. Rodi ikashuka ghafla kama kiganja kizima, ufa huo, kisha mdomo wa kisima ukatema tope la kijivu, halafu maji. Mama hakusema kitu. Alikwenda kuchota kwa kikombe, akayaangalia tope likitulia. Tulishuka hadi 54 ili pampu ipate pa kukaa.

Saa mbili usiku niko uani tena, grenda inalia, jirani kaniomba nimalize kabla mtoto hajalala. Ile ya 161.3 nimeichonga kila batani irudi mviringo, nikaandika namba mpya kwa chaki. Ya 165 bado ina rangi ya dukani. Itaanza kisima kijacho, Usagara, tangu mita ya kwanza ya mwamba.