Pale Msichana Alipoacha Kusugua Sufuria

Filamu za kwanza nilizotazama maishani mwangu sikuzisikia. Nilizitazama katika kibanda kimoja cha video mtaani Kondele, hapa Kisumu, kwa shilingi 10, nikiwa nimebanwa kwenye benchi kati ya watu wazima waliotoka kazini, na sauti iliyojaa kibandani haikuwa ya filamu bali ya msimulizi. Wakenya wenzangu wanaujua utamaduni huo, ambao msimulizi wake aliyevuma kuliko wote ni DJ Afro: filamu ya Kichina au ya Kihindi inachezwa, sauti yake inapunguzwa, na mtu mmoja anaifasiri, anaitania, anawabandika wahusika majina ya mtaani na kutuhakikishia mapema kwamba staringi hafi. Kibandani kwetu kazi hiyo ilifanywa na kaka mmoja wa mtaa aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba yeye ndiye filamu.

Siku moja alipatwa na mafua yaliyomkausha sauti, na mwenye kibanda, ambaye hakuwa tayari kurudisha pesa za watu, akaiacha filamu icheze kwa sauti yake yenyewe. Ilikuwa filamu ya Kichina niliyokwisha kuitazama mara mbili. Kuna mahali mzee anakula wali peke yake chumbani huku mvua inanyesha nje, na mara zote mbili tulikuwa tumecheka hadi machozi, kwa sababu msimulizi wetu alidai kwamba mzee yule anakula mbiombio ili jirani asimkute mezani. Siku hiyo hapakuwa na jirani wala mzaha. Palikuwa na mvua, na vijiti vikigonga ukingo wa bakuli, kisha vijiti vikanyamaza ilhali mvua inaendelea, na kibanda kizima, pamoja na makanga wa matatu ambao hakuna aliyewahi kuwanyamazisha, kikashika pumzi. Mzee alikuwa amesikia kitu ambacho sisi hatukukisikia. Picha ilikuwa ileile tuliyoichekea wiki iliyotangulia.

Nilipoanza baadaye kusoma habari za utengenezaji wa filamu, nilikuta kwamba Warusi walikwisha kulifanyia jambo hilo jaribio karne iliyopita. Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha hisia yoyote ya wazi, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha ya maiti jenezani, kisha ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliusifu uigizaji wake, huyu akiona njaa, yule huzuni, mwingine tamaa, ingawa uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Vitabu hulitaja kama somo la uhariri wa picha, na si kosa, lakini mimi nililielewa kwa njia ya Kondele: picha husomwa kwa kilichowekwa kando yake, na hakuna kinachokaa karibu na picha kuliko sauti, kwa kuwa sauti haingoji picha ipite ndipo ifuate, bali hukaa nayo wakati uleule.

Kazi inayonilisha ni kupiga video za harusi na matanga, hapa Kisumu na katika kaunti jirani za Siaya na Vihiga. Mwaka jana, hata hivyo, mimi na wenzangu watatu tulijichangia tukapiga filamu fupi katika nyumba ya mabati mtaani Nyalenda. Onyesho lililotusumbua kuliko yote ni dogo: mama na kaka yake wamekaa sebuleni wakizungumzia mpango wa kumpeleka binti wa miaka 14 Nairobi akawe yaya, na binti mwenyewe yuko uani, anaosha vyombo. Siku ya kwanza nililipiga kama nilivyozoea matangani, yaani nyuso tu, na zote kwa karibu. Mjomba anasema, "Dada, huko atakula, atavaa, na wewe utapumua kidogo." Uso wa mama unahuzunika. Uso wa binti unahuzunika. Nilipokaa usiku kuhariri niliona kwamba nimemwamuru mtazamaji ahuzunike mara tatu, na mtu anayeamriwa hivyo huangalia saa.

Dawa niliipata katika filamu ambayo kila mwalimu wa filamu huitaja hadi mwanafunzi akachoka nayo, ile ya Citizen Kane ya mwaka 1941, ambayo Orson Welles aliiongoza akiwa na miaka 25. Mvulana anacheza kwenye theluji. Kamera inarudi nyuma kupitia dirisha hadi ndani ya nyumba, na tunatambua kwamba mama yake yuko mezani na mtu wa benki, tayari kutia saini karatasi zitakazomtoa mtoto huyo mikononi mwake, huku baba akipinga bila kusikilizwa. Mpigapicha Gregg Toland aliipanga lenzi na taa kwa namna ambayo nyuso zilizo mbele ya kamera, pamoja na mtoto aliye mbali, vyote vinaonekana wazi kwa wakati mmoja. Mtoto amebaki ndani ya fremu ya dirisha, mdogo kama mwanasesere, katikati ya watu wanaomwamulia, na kelele zake za mchezo zinasikika ndani. Hakuna picha ya karibu ya machozi yake, na haihitajiki. Mtazamaji ameachiwa kazi ya kutembeza macho kati ya kalamu na mtoto, na kazi hiyo ndiyo inayomuuma.

Tulirudi Nyalenda Jumamosi iliyofuata. Kamera niliiweka chini, juu ya kreti ya soda, mama akiwa kushoto na mjomba kulia, na katikati yao mlango ukiwa wazi hadi uani. Ili mbele na nyuma vionekane wazi, nililazimika kutumia lenzi pana na kulibana tundu lake, jambo linalodai mwanga mwingi, na mwanga wa kwetu una masharti yake: ikweta inapita Maseno, si mbali na hapa, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini na kila mtu aliye nje hugeuka fuvu lenye mashimo meusi badala ya macho. Tulipiga saa tatu asubuhi. Katika skrini binti hakuzidi urefu wa kidole gumba changu, lakini kila neno ambalo mjomba alimwambia dada yake lilibidi lipite juu ya kichwa cha mtoto huyo.

Sauti ndiyo iliyokula siku yetu nzima. Rekodi ya siku ya kwanza ilikuwa imeharibiwa na upepo wa ziwani, na kosa lilikuwa langu, kwani niliacha maikrofoni wazi kama mtu ambaye hajawahi kukaa Kisumu. Safari hii niliivisha soksi ya sufu na kuificha nyuma ya kanga iliyoanikwa karibu na beseni. Binti alisugua sufuria kwa mchanga na majivu, kwaru, kwaru, kwaru, kwa mwendo ambao baada ya dakika moja huusikii tena, kama usivyoisikia saa ya ukutani. Hapo ndipo mjomba anapolitaja neno "Nairobi" kwa mara ya kwanza, na kusugua kunakoma. Mama hageuki. Vidole vyake vilivyokuwa vikizungusha kikombe vinatulia. Tulihesabu sekunde nne, kisha kusugua kukaendelea, polepole zaidi.

Jambo ambalo wapigapicha wengi wa matanga hawalijui, nami nikiwa mmojawao hadi juzi, ni kwamba kimya cha filamu si utupu. Kila chumba kina mvumo wake: mabati yanayotanuka kwa jua, kuku, redio ya jirani, bodaboda barabarani. Ukizima kila kitu katika zile sekunde nne, mtazamaji hadhani kwamba mtoto amesikia, bali hudhani spika imekufa. Kwa hiyo tulinasa sekunde 30 za chumba kitupu, sote tumesimama kama sanamu, mwenye nyumba akitutazama mlangoni kwa huruma ambayo watu huwapa wagonjwa, na mvumo huo tukautandika chini ya onyesho zima. Kusugua kulipokoma, mtaa uliendelea na shughuli zake. Mjomba naye aliendelea kuongea.

Sauti inaweza pia kufanya kinyume, ikakua badala ya kukoma. Katika The Godfather ya mwaka 1972, kijana ameketi mgahawani mbele ya watu wawili anaokusudia kuwaua, na kadiri uamuzi unavyomkaribia tunasikia treni ikipita, ikikwaruza reli kwa kishindo kinachozidi, ilhali hatuoni treni yoyote na hakuna mezani anayeonekana kuisikia. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti, aliupa moyo wa kijana huyo kelele ambayo mwigizaji hakuruhusiwa kuipiga. Muziki unangoja hadi risasi zimekwisha kulia. Niliujua mfano huo, niliwahi hata kuwaeleza wenzangu mbele ya samaki wa kukaanga, na bado nilipofika mezani kuhariri nilitandaza mlio wa orutu, zeze la Kiluo, chini ya onyesho letu, mlio wa huzuni, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hofu ya kutoeleweka ni kitu kibaya.

Kuhusu droni sina mengi. Kila video ya kwetu sasa inaanza kwa kuruka juu ya ziwa na magugumaji yake, nami nimepiga nyingi kwa sababu wateja wanazidai, lakini kamera iliyo juu kiasi hicho haimtazami mtu yeyote. Ajabu ni kwamba wateja haohao matangani hutaka kamera iwe sentimita chache kutoka kwenye uso wa mjane. Siku hizi husimama ng'ambo ya kaburi, nikamwacha mjane katikati ya wanawake waliomshika, na mikono yao juu ya mabega yake husema mengi kuliko macho yake.

Nilipokuwa nikihariri niliikumbuka pia filamu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966, kwa sababu Diouana, msichana ambaye ndiye mhusika wake mkuu, huondoka Dakar akidhani atalea watoto huko Antibes nchini Ufaransa, akajikuta anapika na kufua. Mbele ya waajiri wake karibu hasemi kitu, lakini sisi tunaisikia sauti yake ya ndani, ndefu, yenye maswali na hasira, na sauti hiyo si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona bali ya mwigizaji mwingine, Toto Bissainthe. Kinyago alichowapa waajiri kama zawadi kinatundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu, na mwishoni mtoto mmoja Dakar anakivaa na kumfuata yule mwajiri nyumanyuma. Binti wetu wa Nyalenda hatukumpa sauti ya ndani. Tulikuwa na sufuria tu.

Tulipomaliza tuliwaalika watu wachache nyumbani kwangu, miongoni mwao msimulizi wetu wa Kondele, ambaye sasa ana mvi na duka la vipuri vya pikipiki. Niliketi nyuma yake makusudi. Kwa mazoea nilitarajia atie neno, ampe mjomba jina la mtaani, lakini alinyamaza hadi mwisho, kisha akaomba nirudishe nyuma hadi pale mtoto anapoacha kusugua. Alilitazama onyesho mara mbili, ameinamisha kichwa kama anayetafuta kituo redioni.

"Kijana wangu," akasema, "huyo anayepiga orutu ni nani?"

Nikamjibu kwamba hayumo ndani ya nyumba, ni muziki wa filamu tu.

"Basi anaongea juu ya mtoto. Mimi ndiyo iliyokuwa kazi yangu, naijua. Mtoe."

Wageni walipoondoka niliufuta ule wimbo, nikavaa vipokea sauti, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba katika zile sekunde nne kuna tone moja la maji linaloanguka kutoka kwenye sufuria na kugonga beseni.