Siku niliyopanda hadi Dziani

Anzuani, kisiwa cha Komoro, haifiki hata theluthi ya Unguja, kilomita za mraba 424 tu. Kwa hiyo mjomba aliponiambia kwenda ziwa la Dziani, kule mlimani, kutoka mji wa Mutsamudu na kurudi kunakula siku nzima, nikaona ni chuku za wazee. Sisi watu wa Unguja mlima tunausikia redioni.

Asubuhi teksi ikatushusha Koni-Djodjo, kwenye ukungu na baridi ya kutaka sweta. Tukaanza kupanda. Njia yenyewe ni mfereji uliochimbwa na mvua, utelezi mtupu, na pembeni mashamba ya majimbi yaliyoinama kiasi kwamba mkulima akiponyokwa na jembe, analifuata bondeni.

"Kaza, mjomba!" alinihimiza, yeye na bakora yake yuko mbele.

Tulipopumzika kando ya korongo lililojaa mawe makavu, akaniambia udogoni alikuwa akioga hapo mwaka mzima. Siku hizi maji hupita msimu wa mvua tu. Kisiwa jirani cha Ngazija ndiko kusikokuwa na mito, akasema: volkeno yake, Karthala, bado ina moto, na mawe yake machanga yanameza mvua yote. Anzuani ni kikongwe zaidi, volkeno yake imezimika zamani, mawe yakaoza yakawa udongo wa kushika maji. Ila udongo huo unataka miti, na miti imekatwa kwa mashamba na kwa kuni za kukenekea mafuta ya mlangilangi. Manukato yananukia Ufaransa, mlima unabaki kipara.

Dziani, kusema kweli, ni dogo kuliko nilivyolitarajia, na kilele cha Ntingui, mita 1,595, kilikuwa kimejifunika mawingu. Kilichonistaajabisha ni popo. Mchana kweupe, mweusi, mabawa yanakaribia mita moja na nusu, anaelea juu ya miti kama mwewe. Ni popo wa Livingstone, hapatikani popote duniani ila hapo na kisiwa jirani cha Mwali.

Mvua ikatukuta tunashuka. Kufika Koni hakuna teksi ya Mutsamudu, tukadandia gari la ndizi linalokwenda Domoni, upande wa pili kabisa wa kisiwa. Mjomba wala hakujali. Huko ana dada yake wa baba mmoja, na kabla hatujamaliza kona za kwanza alishaanza kunisifia pweza wake wa nazi.