Kitufe cha Hifadhi Ambacho Hakikuwapo

Mwongozo wa kwanza niliouandika ulikuwa na kurasa 64. Ulichapwa kwa rangi, ukiwa na yaliyomo mwanzoni, faharasa mwishoni na picha za skrini zilizozungushiwa duara jekundu, na siku niliyoukabidhi nilisadiki kwamba kazi yangu imekwisha. Ulihusu mfumo wa kusajili wagonjwa na kupokea malipo katika kituo kimoja cha afya, ambao ulichukua nafasi ya madaftari makubwa ya mapokezi. Baada ya wiki tatu nilitumwa kituoni hapo kwa shughuli nyingine kabisa, nikaukuta ule mwongozo ndani ya droo, kurasa zake bado zimeshikana kama ulivyotoka kwa mchapaji. Ukutani, kando ya kompyuta, palikuwa pamebandikwa nusu karatasi yenye hatua saba zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mama aliyekuwa akihudumia dirisha la mapokezi.

Nilimwamkia, nikamwomba aniruhusu nikae nyuma yake kwa muda. Foleni ilikuwa ndefu, naye alifanya kazi bila kugeuka. Wagonjwa walipopungua nilimuuliza, kwa heshima niliyoiweza, kwa nini hatumii mwongozo.

"Mwanangu," alinijibu, "kitabu chenu kinasema nibofye Hifadhi. Mimi hapa naona Tunza, na chini yake naona Wasilisha. Nikibofya pasipo, mgonjwa anarudi dirishani kulipa mara ya pili, na anayetukanwa ni mimi. Haya niambie wewe, nibofye kipi?"

Sikuwa na jibu. Nilipofuatilia ofisini niligundua kwamba majina ya vitufe yalibadilishwa siku chache kabla ya mfumo kuanza kutumika, kwa sababu nzuri kabisa: kitufe kimoja kilikuwa kinafanya kazi mbili, watengenezaji wakakigawa. Hakuna aliyenificha jambo hilo, ila pia hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuniambia. Mimi nilikuwa nikiandika kwa kutazama picha za skrini nilizotumiwa kwa barua pepe mwezi mmoja nyuma, tena za toleo ambalo halikuwapo tena. Tulikuwa watu sita katika mradi ule, na mwandishi aliitwa wa mwisho, kama fundi rangi anayeletwa nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa. Naamini hapo ndipo penye mzizi wa miongozo mingi isiyosomeka: mwandishi huwa hayumo katika timu, amepewa tu matokeo ya kazi ya timu ayaeleze.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Katika ukurasa wa tano niliandika nywila, katika ukurasa wa kumi na mbili nikaandika nenosiri, na skrini yenyewe ilisema Neno la siri. Tulifundishwa shuleni kwamba insha nzuri haichoshi kwa kurudia neno lilelile, na mkono wangu ulikuwa umezoea kutafuta visawe. Msomaji wa mwongozo hasomi insha. Ana mgonjwa mbele yake, ana kadi ya bima mkononi, na anapokutana na neno jipya anadhani limekuja na kitu kipya. Kwake nywila na nenosiri ni vitu viwili mpaka mtu amhakikishie kwamba ni kimoja, na wa kumhakikishia hayupo.

Kiswahili kina mtihani wake hapa, kwa kuwa istilahi zetu za kompyuta zimetoka katika vyanzo vingi. Ninauheshimu sana mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Thamani ya kazi ya aina ile, kwa maoni yangu, ni kwamba inawalazimisha watu kukubaliana: huwezi kutafsiri maelfu ya maneno ya menyu bila kuamua kwanza neno moja kwa jambo moja. Hata hivyo neno halikubaliki kwa sababu tu limeamuliwa. Kishikwambi, yaani tableti, ni mfano ninaoupenda. Wakati wa sensa ya Agosti 2022 makarani walizunguka nchi nzima ya Tanzania na kifaa hicho mkononi, watu wakaliona jina na kitu chake kwa wakati mmoja, na leo hulisikia neno hilo kwa walimu na kwa watoto wa shule bila maelezo yoyote. Tarakilishi ni neno zuri na lina watu wake, hasa katika vitabu vya shule nchini Kenya, lakini sijapata kumsikia mtu wa mapokezi akilitamka, kwa hiyo katika mwongozo wa mapokezi ninaandika kompyuta.

Baada ya siku ile nilianza kusoma habari za waliotangulia katika kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha utafiti cha IBM jimboni New York, John Carroll na wenzake waliwatazama makarani wakijifunza programu za kuandikia barua. Waliona kwamba watu hawasomi mwongozo kutoka mwanzo hadi mwisho hata wakiambiwa wafanye hivyo. Wanarukaruka, wanajaribu, wanakosea, kisha wanakwama kwa sababu mwongozo umeandikwa kana kwamba hakuna atakayekosea. Carroll hakuwalaumu. Alipunguza maelezo, akaanza na kazi halisi anayotaka kuifanya mtu, na akatenga nafasi ya kueleza namna ya kujinasua baada ya kukosea. Niliposoma hayo niliikumbuka ile nusu karatasi ya ukutani. Katika hatua zake saba, mbili zilihusu nini cha kufanya mambo yakiharibika. Katika kurasa zangu 64 sikuwa na hata moja.

Ujumbe wa hitilafu ndio ukurasa wa mwongozo unaosomwa kuliko mwingine wowote, na mara nyingi huandikwa na mtu mwenye haraka, saa za usiku, akijisemesha mwenyewe. Uzito wa jambo hili unaonekana katika mkasa wa Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine hizo ziliwapa wagonjwa sita, nchini Marekani na Kanada, mionzi mingi mno kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Chanzo kilikuwa makosa ndani ya programu, pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo ambavyo mashine za awali zilikuwa navyo. Lakini fikiria alichokiona mwendeshaji katika hospitali moja mjini Tyler, Texas, mwezi Machi 1986. Mashine ilisimama, skrini ikaandika hitilafu namba 54. Mwongozo uliokuja na mashine haukueleza namba hiyo maana yake nini. Karatasi iliyokuwa kando ya mashine ilitaja tu kosa la "kipimo cha dozi 2", na baadaye ilikuja kufahamika kwamba maneno hayo yalimaanisha dozi imekuwa kubwa mno au ndogo mno, bila kusema ipi kati ya hizo mbili. Mashine ilikuwa na desturi ya kusimamasimama kwa mambo madogo, na skrini ilionyesha kwamba mgonjwa amepata dozi pungufu. Mwendeshaji akabonyeza herufi P ya kuendelea, kama alivyozoea. Mgonjwa aliyekuwa chumba cha pili akapigwa na mionzi kwa mara ya pili.

Siwezi kumlaumu mwendeshaji yule hata kidogo. Aliyeijua maana ya 54 alikuwa kiwandani, na maarifa yake hayakusafiri pamoja na mashine. Ningependa kila timu ya programu ijiulize kuhusu kila namba na kila neno inaloliweka kwenye skrini: je, atakayelisoma ataweza kuamua la kufanya bila kumpigia mtu simu?

Mfumo wetu wa mapokezi hauui mtu kwa mionzi, lakini ulikuwa na ujumbe uliosema "Ombi batili" kila mara namba ya kumbukumbu ya malipo ilipochelewa kurudi kutoka kwenye mtandao. Mama yule alikuwa amejifunza kwamba "Ombi batili" maana yake ni kusubiri nusu dakika. Mgeni asingeweza kulijua hilo. Niliupeleka ujumbe huo kwa watengenezaji pamoja na sentensi mbadala, "Namba ya malipo haijafika. Subiri, usibofye tena," nao waliubadilisha mchana uleule. Kilichokuwa kimekosekana muda wote ni mtu wa kuwapelekea habari.

Sasa tunafanya kazi kwa namna nyingine. Maneno yote ya skrini yanakaa katika faili moja ambalo mimi na watengenezaji tunalihariri kwa pamoja, na jina la kitufe halibadiliki mpaka ukurasa wa mwongozo unaohusika uwe umebadilishwa pia. Ninahudhuria vikao tangu mfumo ukiwa michoro ya ubaoni. Mwanzoni wenzangu waliona ni kupoteza muda, mpaka pale niliposhindwa kueleza hatua moja kwa sentensi inayoeleweka, tukagundua sote kwamba tatizo halikuwa sentensi, ni hatua yenyewe iliyokuwa imepinda. Miongozo ya mafundi wa ndege ina kanuni za lugha zilizoanza kutolewa katika miaka ya 1980: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, na onyo litangulie hatua inayohusika. Nimezichukua zote mbili. Na kabla ya kuchapa chochote tunakaa na watumiaji watano, mmoja mmoja, tukiwa kimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwetu hata wawili wa kwanza huwa wametupa kazi ya wiki nzima. Kilicho kigumu ni ule ukimya. Mtu anapotafuta kitufe kilicho mbele ya macho yake, kidole chako kinataka kumwonyesha, na ukimwonyesha umepoteza ulichokuja kukitafuta.

Nilirudi kituoni na mwongozo mpya wa kurasa mbili, mbele na nyuma ya karatasi moja ngumu. Mama aliusoma akiwa amesimama, akachukua ile kalamu yake ya bluu na kukata mstari mmoja, akaandika wake juu. Hatua ya nne ya mwongozo unaotumika leo inasema, "Namba itokee kwanza, ndipo mgonjwa aondoke dirishani." Ni maneno yake, na sikubadilisha hata moja.