Punje Moja Ndani ya Kioo

Leo mchana nilikuwa nikikata kioo cha milimita 4 cha madirisha ya mteja mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, mkato ulipoacha mstari ghafla na kukimbilia pembeni. Nilipokiinua kipande hicho kwenye mwanga wa mlangoni, niliona ndani yake punje nyeupe, ndogo kuliko mbegu ya wimbi.

Punje ya namna hiyo huweza kuwa mchanga ambao haukuyeyuka, au kijiwe kilichoingia tanurini pamoja na vioo vikuukuu. Kwa kuwa hainywei sawasawa na kioo kinapopoa, huacha mkazo pale ilipo.

Tangu hapo nimekuwa nikiuwaza mchanga unaotengenezewa kioo. Silika, yaani madini ya mchanga huo, peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi ili iyeyuke, na magadi ndiyo yanayoliteremsha joto hilo. Lakini mchanga na magadi pasipo kingine hutoa kioo kinachoyeyuka majini, ndiyo maana huongezwa chokaa na dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa. Magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, husafirishwa hadi viwanda vya kioo vya nchi nyingine, nami hufurahi kulisikia neno ambalo mama, nyumbani Butere, hulitaja jikoni. Yeye hulainisha mboga za mrenda kwa munyu wa majivu, ambao ndio magadi yake, na huuonja kwanza kwa ncha ya ulimi, kwa sababu ukizidi kidogo tu chungu kizima huharibika.

Kiwandani kila kitu hupimwa kwa uzani, kisha mchanganyiko hunyunyiziwa maji kidogo ili chembe zisitengane njiani kuelekea tanurini na vumbi lisipeperuke. Vumbi la silika huharibu mapafu ya wafanyakazi yasipone tena, kwa hiyo maji hayo nayahesabu kuwa muhimu kuliko mashine yoyote. Baada ya kuyeyuka, kioo humiminwa juu ya metali ya bati iliyoyeyuka na kuelea hapo, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959; huingia kikiwa na nyuzi zaidi ya 1,000 na kutoka kikiwa na 600 hivi, kisha hupozwa polepole.

Vipande ninavyobakiza navyo ni malighafi, kwani hupunguza moto unaohitajika kuyeyusha mchanga mpya. Jioni, kabla ya kufunga karakana, nililikagua pipa ninalomwekea mnunuzi wa vioo chakavu, nikakuta humo kikombe cha chai cha kauri kilichovunjika. Nilivaa glavu nikakitoa, kigae kimoja baada ya kingine.