Lita 20 Hadi Salaita

Paipu ya rejeta ilipasuka tulipokuwa tumeiacha Mbuyuni nyuma kidogo, katika njia ya Voi kwenda Taveta, saa tano na nusu, jua la Februari limesimama utosini. Mvuke ukafunika kioo cha mbele. Dereva akaegesha gari kando ya lami, akafungua boneti, akaitazama injini, akaifunga tena bila neno. Tulikuwa watu saba: wageni wanne kutoka Afrika Kusini, dereva, kijana wa Mwatate aliyekuwa akituongoza, na mimi. Abiria Mkenya nilikuwa peke yangu.

Nililipa shilingi 14,500 kwa siku mbili. Kwenye simu niliambiwa chakula na maji vimo. Asubuhi pale Voi kila mtu alipewa chupa ya nusu lita, mkate wa siagi na ndizi moja, na hayo ndiyo yaliyokuwamo. Nyumba ya kulala nayo feni yake ilikuwa imekufa, nikakesha nikijipepea kwa leso. Nayaandika haya kwa sababu fedha ile niliikusanya miezi minne, tena niliikusanya kwa ajili ya tarehe.

Tangazo lao lilisema ni ziara ya kuwakumbuka askari wa vita vyote viwili vya dunia, na kwamba tarehe 12 Februari tutakuwa juu ya kilima cha Salaita. Nilipoisoma tarehe hiyo nilimsomea mama kwa sauti. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia kilima hicho, kilichoshikwa na Wajerumani, wakashindwa. Tarehe hiyohiyo mwaka 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 1,500, wakafa karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301. Mmoja wao ni ami yake mama.

Mama alikuwa na umri wa miaka minne. Anachokikumbuka ni kwamba ami yake alimbeba begani akampeleka kutazama meli, na kwamba shati lake lilinukia sabuni. Baadaye nyumba ilijaa watu, wanawake wakilia, na hakuna maiti. Mambo ya jina la meli na siku yenyewe tumeyajua juzijuzi tu, kupitia binamu yangu aliye Muscat, mtu mwenye subira ya kusoma. Lakini jina la babu yetu hakuliona popote, na tulikuwa tumekata tamaa.

Basi nilipopanda gari Voi nilimuuliza yule kijana tutafika wapi panapohusu vita vya pili. Alinyamaza, kisha akasema kwa upole, "Mama, sitakuficha. Nimepewa karatasi za vita vya kwanza peke yake." Maneno ya tangazo yalikuwa ya kuvutia wateja. Kijana hana kosa. Waliochukua fedha zangu ndio wenye kosa, na niliporudi niliwaandikia. Hadi leo hawajajibu.

Makaburini Voi tulisimama mbele ya jiwe la Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alijeruhiwa mguu, akakataa kubebwa, akabaki na majeruhi wenzake akitumaini kuwaokoa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, naye ameshakufa. Nilimwombea, maana aliyekataa kuwaacha wenzake anastahili dua ya yeyote anayepita. Maktau tuliona mabaki ya reli ya jeshi, ile iliyojengwa kutoka Voi kuelekea Taveta ili kumfikia Mjerumani, aliyekuwa ameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Sina mengi ya kusema kuhusu Maktau, tulikaa robo saa.

Turudi barabarani. Dereva alisimamisha bodaboda akaenda Taveta kutafuta paipu na fundi. Akasema maji ya rejeta tuyatafute sisi, na ya kunywa pia, kwa kuwa zile chupa zilikuwa zimekwisha zamani. Nyuma ya gari kulikuwa na mitungi miwili ya lita 20, mitupu. Yule kijana akaichukua yote miwili. Nikamwambia hawezi kurudi nayo yote imejaa, nikashika mmoja nikamfuata.

Tulitembea kama kilomita mbili katika njia ya mbuzi, vumbi jekundu linapanda hadi magotini. Tulifika kwenye boma lenye tangi. Mwenye nyumba, mama wa rika langu, alitukaribisha kivulini, akatupa maji ya kikombe kwanza kabla ya kuuliza shida yetu. Bei yake ilikuwa shilingi 20 kwa mtungi. Hiyo ndiyo bei pekee ya haki niliyolipa katika safari nzima.

"Mnapeleka watu kwenye kile kilima?" akauliza.

"Ndiyo, dada. Wanawakumbuka babu zao."

"Babu yake mume wangu alibebeshwa mizigo ya vita hivyo. Alirudi hana nguvu, akawa wa kuharisha damu mpaka alipokufa." Akainua mtungi wangu kwa mikono miwili, akanitwisha. "Hakuna aliyekuja kumuuliza."

Niliikunja leso yangu nikaifanya kata, nikaenda. Tangu nilipokuwa msichana sijapata kujitwika maji, na hatua mia za mwanzo zilinikumbusha shingo yangu ina umri gani. Kijana alikuwa mbele yangu. Kila baada ya muda aligeuka, "Mama, nipe mimi." Nami namjibu, "Una wako." Nilipofika nusu ya njia nilikuwa sizungumzi tena. Mpagazi wa jeshi alibeba kilo 25 hivi, mbali na blanketi lake na posho yake. Hakubeba kwa kilomita mbili. Alibeba kwa miezi, kutoka huku hadi Msumbiji, kwa kuwa farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o na magari hayakuwa na barabara. Wapagazi wenyewe walikufa kwa malaria, kwa kichomi, kwa kuhara kulikoletwa na unga usioiva, na risasi iliwaua wachache kuliko maradhi. Ndiyo maana Dar es Salaam ina Kariakoo na Nairobi ina Kariokor. Mwanangu anaishi Nairobi, hupita Kariokor kila siku, na nilipompigia simu jioni ile kumwambia jina hilo limetoka kwenye Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi, alidhani namtania.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, waliofia vita vya kwanza hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Niliwahi kuisoma habari hiyo nyumbani, nikasikitika, nikaendelea na mapishi yangu. Siku ile niliisikia shingoni.

Kabla hatujaifikia barabara tulimwona mmoja wa wageni, mama kutoka Durban, anakuja kutupokea. Hakuuliza. Alishika mkono mmoja wa mtungi, mimi nikashika upande wa pili, tukaubeba katikati yetu mpaka kwenye gari. Tulikaa chini ya mti wa miiba tukinywa maji kwa zamu, akanieleza kwamba babu yake alikuwa Salaita akiwa na miaka 19, akarudi mzima, na hakupata kuzungumzia jambo hilo. Nami nikamweleza habari za ami yake mama. Akatoa simu yake.

Alinitaka nimtajie jina. Nikamwambia tumeshatafuta, halipo. Akasema amewatafutia watu wengi kwao, na makarani wa wakati ule waliandika majina ya Waafrika vile walivyoyasikia, kwa hiyo tusitafute jina kwanza. Alifungua orodha ya ile Tume ya Makaburi, akaitafuta tarehe, akachagua kikosi, akaanza kushuka na orodha taratibu. Mtandao ulikuwa unakatika. Tulisimama, tukahama upande wa pili wa gari, ukarudi. Nilikuwa namtazama usoni kuliko nilivyoitazama simu. Kisha akanipa niisome mwenyewe.

Lilikuwapo. Herufi mbili zimekosewa na jina la baba yake limewekwa mbele, lakini ni yeye. Mpiga mizinga. Tarehe 12 Februari 1944. Na chini, mahali anapokumbukwa: Mnara wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road.

Ngong Road! Nimepita hapo kwa matatu sijui mara ngapi kwenda kwa mwanangu. Mama mwenyewe alipelekwa hospitali Nairobi mwaka fulani, tukapita njia hiyohiyo, amelaza kichwa begani mwangu, na jina la ami yake liko hapo limeandikwa. Nilikaa chini kwenye vumbi. Yule mama wa Durban akanishika mkono, asiseme kitu, mpaka fundi alipofika na paipu.

Gari lilipona saa tisa. Salaita tulifika saa kumi, na kutoka mbali ni kilima kidogo ambacho usingekitazama mara mbili. Kijana alituonyesha mahandaki, sasa ni mifereji iliyojaa miiba. Alieleza vizuri: Waingereza walikipiga kilele kwa mizinga wakidhani adui yuko juu, kumbe Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamejichimbia chini, miguuni pa kilima. Askari wapya wasiozoea vita kutoka Afrika Kusini waliingia moja kwa moja kwenye risasi. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walikuwa 172, na 138 kati yao ni wa Afrika Kusini. Husimuliwa kwamba Wabaluchi wa jeshi la India, ambao askari wale wa Afrika Kusini walikuwa wakiwadharau, ndio waliowakinga wakati wa kurudi nyuma, na kwamba waliwarudishia bunduki ya rasharasha waliyoitupa, pamoja na ujumbe wa kuwataka wasiwaite tena makuli. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alikizunguka kilima, Wajerumani wakakihama, na Taveta ikachukuliwa.

Wageni walichomeka ardhini misalaba midogo ya mbao yenye ua jekundu. Mama wa Durban alisoma majina, moja moja, sauti yake ikipotea kwenye upepo. Alipomaliza alinigeukia. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema jina la babu yangu kama tunavyolitamka sisi, si kama lilivyoandikwa, nikasema ametoka Mombasa na amefia baharini siku kama ya leo. Nikasema pia kwamba katika boma lililo nyuma yetu kuna familia ya mpagazi mmoja ambaye jina lake sikuliuliza, na ninajuta kutouliza. Nikasoma Fatiha. Wale wageni waliinamisha vichwa. Kijana alitoa kalamu akaandika nyuma ya zile karatasi zake, akaniuliza jina la meli huandikwaje, na akasema akirudi atapita kwenye lile boma aulize.

Taveta tulifika kigizani, makaburi ya jeshi tukayaona kwa taa ya simu, na chumba kilikuwa shilingi 2,800 ambazo niliambiwa papo hapo kwamba hazimo kwenye malipo yangu. Nilizitoa. Siku ya kurudi nililala njia nzima.

Mama alikuwa amekaa barazani, ameshika tasbihi yake. Sikumwambia kwenye simu, nilitaka kumwona uso. Nilimwonyesha picha ya lile jina na kumsomea. Alinisahihisha zile herufi mbili papo hapo, kana kwamba karani yuko mbele yake. Kisha akataka nirudie nilichosema kule kilimani, neno kwa neno. Nikarudia. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza kutoka stesheni ya Syokimau, treni ya Mombasa inapoishia, hadi hiyo Ngong Road ni mwendo gani, na kama watu wa umri wake hupunguziwa nauli ya treni.