Gitaa lisilo na kichwa

Jumapili usiku

Leo nimepanda daladala kutoka Mbagala hadi Magomeni nikiwa na gitaa mgongoni, na hakuna aliyenisonya. Begi linaishia kisogoni. Nimesimama mlangoni kama abiria wengine, mkono mmoja juu kwenye bomba, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kupiga muziki sikuwa nalinda kitu.

La zamani lilivunjikia mlangoni hivyo hivyo, mwezi wa nne. Konda kapiga bati, watu wakasukumana, kichwa cha gitaa kikagonga chuma cha mlango. Mlio wake ulikuwa wa ukuni mkavu. Magitaa ya namna ile kichwa chake kimelala kwa nyuma, na pale kinapoungana na shingo mti ni mwembamba, tena umechimbwa ndani kupitisha chuma cha kunyooshea shingo. Seremala wa mtaani kwetu aliligundisha akalibana na jiliwa siku mbili, kazi safi kabisa. Lakini seti ya nyuzi za unene wa namba kumi ikikazwa inavuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi, usiku na mchana. Mwezi wa sita nikaamka nikakuta ufa umefunguka tena. Nilikaa kitandani nikalishika tu. Gitaa lile nililipiga miaka kumi na moja.

Hili jipya, lisilo na kichwa, nimeliagiza China kupitia kijana wa Kariakoo anayekusanya mizigo. Laki nne na themanini pamoja na usafiri, na ni hela niliyoiweka harusi moja moja. Lilipofika nililipeleka kwa Mangi akaliweka kwenye mizani ya mchele: kilo mbili na robo. La zamani lilikuwa karibu kilo nne, na bega langu la kushoto linalijua hilo.

Nisiseme kwamba lilifika tayari. Ncha za freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, zilikuwa zinakwaruza kidole kama msumeno, nikazisugua kwa msasa laini jioni mbili. Na kufunga nyuzi nilijifunza upya. Kwenye gitaa la kawaida unazungusha uzi kwenye ufunguo kule kichwani, ukikosea unazungusha tena. Hapa kile kitufe cha kwenye ncha ya uzi kinakaa huku mkiani, kwenye daraja, chuma kinachoshika nyuzi, na ncha ya pili unaibana mwisho wa shingo kwa skrubu ndogo ya aleni, kisha unakata kinachobaki. Kukaza ni kwa vinundu vilivyopangwa nyuma ya daraja. Uzi wa kwanza niliubana ukiwa umelegea; nikazungusha kinundu mpaka kikafika mwisho wake na sauti bado iko chini. Kumbe lazima uuvute kwanza kwa mkono, uunyooshe barabara, ndipo ubane. Vinundu vyenyewe vilikuwa vigumu hadi vidole vikauma. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kimoja, vikalainika. Sasa aleni, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, inakaa kwenye pochi pamoja na funguo za nyumba, maana uzi ukikatika ukumbini bila aleni, shughuli imeisha.

Lakini leo nilikuwa naenda kwa mjomba, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi jana. Yeye ndiye aliyenifundisha rizim, gitaa la kusindikiza, kwenye chumba chake, umeme ukiwa umekatika. Gitaa la umeme bila spika linanong'ona tu, kwa hiyo alinionyesha kuegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo. Mbao za kabati zinapokea mtetemo, na chumba kizima kinasikia. Nimejifunza kutyuni hivyo, yaani kuweka nyuzi kwenye sauti zake, kichwa cha gitaa kabatini na sikio langu kando yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Lilete nilione."

Alilipakata. Mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni hadi mwisho, ukapita, ukabaki hewani. Akaurudisha taratibu.

"Nani amekikata?"

Nikamweleza kwamba wazo hili lilipata nguvu kwa Mmarekani, Ned Steinberger, fundi wa kubuni samani, mwishoni mwa miaka ya sabini. Alianza na besi, kwa sababu kichwa cha besi na funguo zake nzito huvuta shingo chini kila ukiachia mkono. Hapo mjomba akatikisa kichwa kukubali. Alisema mpiga besi wa bendi yao alikuwa anabeba shingo kwa mkono wa kushoto usiku kucha, asubuhi kiganja hakikunji. Kisha akahesabu kwa namna yake. "Miaka ya sabini mwishoni. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wetu, katutoka Januari 1979. Basi wakati sisi tunalia, huyo bwana anakata vichwa."

Akalipiga kidogo bila spika. Ninavyomjua, akishika gitaa asilolipenda hulirudisha baada ya kupiga kodi (chords) mbili. Hili hakulirudisha. Akainuka, mimi nikainuka kumshika, akakataa mkono wangu. Akaenda nalo mpaka kwenye kabati, lile lile, mlango wake mmoja sasa hauna kitasa. Akaweka ncha ya shingo, pale penye zile skrubu, dhidi ya ubao, akatandika kanga ya shangazi katikati ili chuma kisichubue rangi. Halikutoa sauti. Akaivuta kanga, akaigusisha ncha moja kwa moja kwenye mbao.

"Piga."

Nikapiga nikiwa nimesimama pembeni yake, yeye amelishika. Kabati likaitika. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, ila ilikuwa pale, na mjomba alikuwa ameweka sikio kwenye mlango, macho amefumba.

"Uzi wa sita umepanda," akasema.

Nikashuka na mkono hadi mkiani, nikatafuta kinundu, nikakirudisha nusu mzunguko.

"Kidogo tena."